Mjomba, Njoo Tujaribu Mchezo

Kuna kazi ambazo mtu huajiriwa kwa sababu tu hakukimbia mapema. Mimi kwa sasa ni mjaribu michezo. Sina barua ya ajira, sina posho ya kikao, na chai ninayokunywa kazini ni majani yangu, sukari yangu, maji yaliyochemshwa kwa mkaa wangu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe hapa kata ya Ramadhani, Njombe mjini. Msomaji wa pwani, usinitumie tende: Ramadhani yetu ni kata, haisubiri mwezi kuandama, na baridi yake haina daku wala futari.

Mwajiri wangu ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Alikwenda chuo kusoma uhasibu, akarudi na cheti pamoja na kifuko cha dadu zenye pande nyingi mno, kiasi kwamba ukiirusha moja inabiringika mpaka uvunguni mwa kabati, na wa kuitafuta ni mimi. Dada yangu, mwanamke mwenye busara, alipoziona zile dadu alisema kijana aende akakae kwa mjomba wake apate malezi. Ndivyo nilivyopewa.

Ngoja niueleze mchezo wenyewe, maana najua msomaji ameshafikiria bao. Si bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na ukilemewa baraza zima linaona. Si drafti ya vizibo vya soda, si ludo, si keram. Huu ni mchezo wa kusimulia. Watu wanne watano wanazunguka meza, kila mmoja anashika mhusika wake, hadithi inatungwa hapo hapo kwa mdomo, na mhusika akitaka kufanya jambo gumu, dadu au karata ndiyo inayoamua kama ataliweza. Mwisho wake hakuna aliyeshinda.

"Kama hakuna mshindi, mnajuaje kwamba umekwisha?" mke wangu akauliza.

"Hadithi ikiisha, mama, na mchezo umeisha."

"Na mjomba wako akiwa mezani, hadithi huwa inaisha?"

Hayo ndiyo mazingira yangu ya kazi.

Historia yote mpwa wangu anayo kichwani, na huitoa bila kuombwa. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mapango na mazimwi ambao mtu mmoja mezani ndiye bwana wa hadithi: yeye ndiye anayeijua milango, mitego na mazimwi, wengine kazi yao ni kuuliza na kuumizwa. Miaka ikapita, wakatokea watu wasio na kampuni, wanaochapa vijitabu vyao kwa fedha zao, wakauliza kwa nini bwana wa hadithi awe mmoja. Ndipo ikaja michezo midogo midogo isiyo na bosi. Mpwa wangu anataka kuwa mtunzi wa namna hiyo, wa Njombe. Anasema kutunga ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuujaribu mchezo kwa watu wa kweli, mtunzi amekaa pembeni kimya na daftari, anaandika ni wapi wachezaji wamepiga miayo, wapi wamegombana, wapi wameanza kuchezea simu.

Watu wa kweli ni mimi.

Hujui kero mpaka uwe umeandikwa miayo yako. Mwezi wa saba hapa kwetu asubuhi unakuta sakitu imelala kwenye majani, na mtu wa umri wangu ikifika saa tatu usiku anapiga miayo kwa sababu ana usingizi, basi. Kijana anaandika: "Sheria ya nne inachosha." Kesho yake sheria ya nne imefutwa. Na ndiyo ilikuwa sheria pekee iliyomruhusu mchezaji kutoka mezani akalale.

Kabla ya kutunga wa kwake, alianza kutujaribu kwa michezo ya wenzake, eti tuzoee. Wa kwanza ulikuwa Once Upon a Time, mchezo wa karata uliobuniwa na Waingereza na kutoka mwaka 1993. Kila mtu ana karata zake: mfalme, mchawi, upanga, mbwa mwitu, daraja, pamoja na karata moja ya namna hadithi itakavyoishia. Msimuliaji anasimulia, na kila anapotaja kitu kilichomo kwenye karata zake anakiweka mezani. Lakini akitaja kitu ambacho karata yake unayo wewe, unaitupa mezani, unamkatiza, na hadithi inakuwa yako.

Unamkatiza. Liweke hilo neno pembeni kidogo, kwa sababu siku hiyo baba mkwe alikuwa amekuja kutoka Makambako.

Baba mkwe katika ujana wake alifanya kazi ya reli ya TAZARA ilipokuwa ikijengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975. Ile reli ina kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, na kwa jinsi anavyoisimulia, kila taruma lililoko chini yake amelibeba yeye. Kijana akampa karata kwa mikono miwili, kwa adabu. Mzee akazitazama, akachagua binti mfalme, akakohoa.

"Hapo zamani za kale," akaanza, "kulikuwa na binti mfalme. Huyo binti akashuka stesheni ya Makambako. Sasa, kabla stesheni haijawa stesheni, pale palikuwa pori, na sisi tulikuwa kambini na Wachina..."

Binti mfalme hatukumwona tena. Tulipita Mlimba, tukavuka mito, tukalala njaa, tukakutana na tembo usiku, tukapanda milima kwa mahandaki. Nilikuwa nimeshika karata ya daraja. Mzee alitaja madaraja kwa jina, kwa urefu na kwa jina la msimamizi. Kila mtu pale mezani alikuwa na karata iliyoshatajwa, na hakuna aliyeitupa. Mimi ni mkwe. Mkwe hamkatizi baba mkwe, hata akiwa anasimulia namna nyumba yako inavyoungua. Mke wangu ni binti yake. Mpwa ni kijana anayelala kwangu na kula kwangu. Kule Uingereza karata ndiyo inayokatiza. Ramadhani karata ina mwenyewe, mwenyewe ana jina, na hilo jina litatajwa kwenye kikao cha ukoo kitakachofuata.

Aliyethubutu ni mwanangu wa darasa la nne. Akapiga karata mezani: "Babu, umetaja mnyama! Hadithi ni yangu!" Mzee akacheka mpaka machozi, akamwita mtani wake, akampa pipi aliyokuwa nayo mfukoni, akaendelea kutoka pale pale kwenye tembo. Utani wa babu na mjukuu unampa mjukuu ruhusa ya kusema. Haumlazimishi babu kunyamaza.

Usiku ule kijana aliandika ukurasa mzima. Nilichungulia. Juu kabisa palikuwa na neno moja lililopigiwa mstari: "Mamlaka." Chini yake: "Sheria za wazungu zimetungwa kwa watu wanaoona haya kuongea. Hapa tatizo ni kinyume."

Na hapo, ingawa inaniuma kukubaliana na mtu asiyelipa kodi ya chumba, ameona mbali. Michezo yote hiyo ya vitabuni imejengwa ili kumsukuma mtu afungue mdomo: dadu ya kumtia moyo, karata ya kumpa wazo, swali la kumwanzishia. Kwetu kusimulia hakuna mwenye shida nako. Kigumu ni kuipokea hadithi kutoka kwa mtu aliyekuzidi umri bila ya mmoja wenu kuonekana amekosa adabu.

Nikamkumbusha kwamba wazee hawakuwa wajinga. Hadithi haikuanza hivi hivi, msimuliaji anasema "Paukwa!", na asipojibiwa "Pakawa!" anakaa nayo. Hiyo ni ruhusa, na anayeitoa ni wasikilizaji. Kitendawili nacho, hata kama kimetegwa na mtoto, mkikishindwa wote, wazee kwa vijana, mtoto anasema "Nipeni mji", na mji unatolewa. Asipoupenda anaukataa. Marehemu bibi yangu alikuwa akitoa Makambako yote pamoja na stesheni yake, mtoto anakaza uso: haitoshi. Anaongezewa Iringa. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, lakini mpaka leo nyumbani kwetu tukishindwa kitendawili tunatoa Iringa kwanza, cha kwetu tunakiweka.

Kijana alisimama. "Mjomba, rudia hapo kwenye mji." Nikarudia. Akaandika: "Uchumi wa miji." Jambo nililolijua kabla sijaota meno ya mbele sasa lina jina la kitaalamu, na sitalipwa hata shilingi.

Mchezo wa pili ulikuwa The Quiet Year, wa mwaka 2013, uliotungwa na Avery Alder. Huu mnachora ramani ya kijiji kilichotoka kwenye vita, karata 52, kila karata ni wiki moja ya mwaka. Sheria yake kuu ni kwamba mwenzako akifanya jambo usilolipenda huruhusiwi kumjibu. Unachukua kidude cha kinyongo, unakiweka mbele yako, unaendelea kuchora. Vidude hatuna, kijana akaleta bakuli la maharage.

Nilichora shamba la viazi kando ya mto. Mke wangu akachukua punje moja. Nikachora banda la ng'ombe karibu na kisima. Punje mbili. Nikapendekeza kijiji kijenge sehemu ya wazee kupumzikia jioni na ulanzi wao. Akavuta bakuli zima upande wake. Miaka yote ya ndoa nimekuwa nikisemwa na nikilalamika kwamba nasemwa. Jioni ile, nikiwa nimekaa mbele ya mlima wa maharage na mtu aliyekatazwa na sheria kufungua mdomo, niliona faida ya kusemwa. Mchezo uliisha. Maharage hayakurudi jikoni. Kesho yake tulikula viazi kwa chai.

Kuna na kadi ya usalama. Mmarekani mmoja, John Stavropoulos, aliibuni: kadi yenye alama ya X inawekwa katikati ya meza, na hadithi ikigusa jambo linalomuumiza mchezaji, anaigusa kadi, jambo hilo linarukwa bila maswali. Ni wazo la kiungwana na sina ugomvi nalo. Ugomvi ninao na shangazi. Kwanza ilibidi abembelezwe kukaa mezani, kwa kuwa yeye ni mzee wa kanisa na karata kwake ni kamari, haijalishi zimechorwa nini. Tukamwambia hizi ni kadi tu. Akazikagua mbele na nyuma, akitafuta pameandikwa mchango wa harusi ni kiasi gani na siku ya mwisho ni lini. Alipotulia, akaweka kiganja chake juu ya ile kadi ya X hadithi ikiwa haijaanza, akakiacha hapo hapo.

"Shangazi, kuna lililokukera?"

"Bado. Nawasubiri."

Hatimaye kijana akatunga wa kwake. Aliufuata mfano wa Fiasco, mchezo wa Jason Morningstar wa mwaka 2009, unaohusu watu wadogo wenye tamaa kubwa ambao mipango yao inaharibika vibaya. Kijana akasema hao watu wadogo wenye tamaa hana haja ya kuwafuata Marekani. Mchezo wake unaitwa Dalali, na unatokea Makambako. Kwa anayeijua njia hiyo, hakuna haja ya maelezo. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakutana pale na barabara ya Njombe na Songea, reli nayo inapita, na kila mwenye kitu cha kuuza au cha kuficha lazima apite. Wahusika ni dalali wa parachichi, dereva wa lori, mama lishe, mwenyekiti wa kijiji, na kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam na viatu vyeupe. Kati ya kila wahusika wawili lazima kuwe na kitu: deni, uchumba uliovunjika, siri, au shamba moja lililouzwa kwa watu wawili. Karata za matukio ni bei kushuka, mvua kukata barabara, mtu wa kupima mzani kufika bila taarifa.

Nikiri, ni mchezo mzuri. Sijamwambia.

Kijana akasema mchezo wa Makambako ukajaribiwe Makambako, kwa watu wasiotujua, kwa sababu ndugu wanakusifia kwa huruma. (Ndugu gani hao? Awataje.) Ni kama kilometa 60 kutoka Njombe, na mpwa wa namna hii nauli yake huwa ipo mfukoni mwa mjomba. Tukapata meza kwenye mgahawa mmoja jirani na stendi, tukaagiza chai ili tusifukuzwe, tukawaomba abiria waliokuwa wakisubiri gari waje tucheze. Walikuja. Mtanzania anayesubiri gari yuko tayari kwa jambo lolote lisilo na kiingilio.

Shida ya kwanza ilikuwa daftari. Wachezaji wanacheka, wanapiga meza, pembeni kuna kijana mwenye koti hacheki, hasemi, anaandika. Mama mmoja akaninong'oneza, "Yule ni wa mapato au wa usalama?" Nikamwambia ni mpwa wangu, anaandika miayo. Akahamisha kikapu chake upande wa pili.

Ya pili ilikuwa kubwa zaidi, na sijaiona ikizungumzwa kwenye kitabu chochote cha mpwa wangu. Kijana mmoja wa bodaboda ndiye alikuwa dalali. Mambo yanamwendea vizuri, ameshakusanya mzigo, zamu ikafika, akachukua karata ya tukio: "Mzigo wako wote umeoza njiani." Akaisoma. Akairudisha mezani, uso umebadilika.

"Hili nalikataa kwa jina la Yesu."

"Kaka, ni mhusika tu," mpwa akasahau kwamba hatakiwi kusema.

"Mhusika anatumia mdomo wa nani?"

Meza nzima ikamuunga mkono. Maneno huumba. Mama lishe wa kweli aliyekuwa akicheza kama mama lishe wa kubuni akachukua karata ya ugonjwa, akaikunja mara mbili, akaitia motoni kwenye jiko la chai. Kuanzia hapo hasara zote zilikataliwa, na hadithi iliyokusudiwa kuharibika ikageuka ushuhuda: dalali alipata bei nzuri, mwenyekiti alirudisha fedha za kijiji kwa hiari yake, dereva alifika Tunduma salama, kijana wa viatu vyeupe akaokoka. Fiasco inasema mchezaji achague, ama apange tukio mwenyewe na wenzake waamue litakavyoishia, ama wenzake wapange naye alimalizie. Pale Makambako kila mtu alitaka kupanga na kumalizia, na kumalizia kwa heri.

Mzee mmoja aliyekuwa amesimama nyuma ya benchi muda wote, akifuatilia kwa makini, alinifuata nje.

"Huyo mnunuzi wenu, parachichi anachukua kilo shilingi ngapi?"

"Mzee, huyo ni wa kwenye mchezo."

"Naelewa. Lakini anachukua ngapi?"

Kwenye basi kijana alikuwa kimya mpaka tumefika nusu ya njia. Halafu akapata jibu, na lilikuwa zuri kiasi kwamba nilijifanya nimelala. Hasara isimwangukie aliyeichukua karata. Imwangukie mtu wa kushoto kwake. Tulipojaribu sheria hiyo hapa mtaani, hakuna aliyelikataa jambo lolote kwa jina la yeyote. Watu walipokea hasara za majirani zao kwa moyo mkunjufu wa ajabu, wakaziongezea na maelezo.

Kulikuwa na jaribio jingine ambalo sitalikalia sana. Watunzi wa michezo wanasema mwishowe lazima uwaachie watu kijitabu cha sheria, mwenyewe usiwepo, uone kama wataweza kucheza kwa kusoma tu. Kijana akatoa kopi, akaacha seti nzima kwenye saluni ya kunyolea. Aliporudi, vijana walikuwa wanacheza albastini kwa karata za kawaida, karata zake zilikuwa zimezuia mlango usibamizwe na upepo, na nyuma ya kijitabu mwenye saluni alikuwa ameandika wanaodaiwa. Jina langu lilikuwemo. Hilo ndilo nisilotaka kulikalia.

Tatizo la mamlaka, hata hivyo, lilibaki pale pale. Baba mkwe alikuwa ameshaonja, akawa anakuja mara kwa mara, na katika mchezo wa Dalali alichagua kuwa dereva wa lori ambaye zamani alijenga reli.

Dawa ilitoka kwenye mabanzi. Ipo michezo inayotumia mnara wa vipande vya mbao badala ya dadu; mmojawapo unaitwa Dread, wa mwaka 2005, ambapo kila mhusika anapojaribu jambo la hatari mchezaji anachomoa kipande kwenye mnara wa Jenga, na mnara ukimwangukia mkononi, mhusika wake ndio basi tena. Na Jenga ina undugu nasi. Leslie Scott, Mwingereza aliyeubuni, alikulia Afrika Mashariki akizungumza Kiswahili. Familia yake ilipohamia Ghana walicheza na mabaki ya mbao kutoka kiwanda cha kupasua magogo cha Takoradi. Mwaka 1983 akauingiza sokoni London, vipande 54, ghorofa 18 za vitatu vitatu, akauhangaikia mwenyewe kabla ya kampuni kubwa kuuchukua. Mabaki ya mbao! Njombe tunayatumia kuzungushia uzio wa nguruwe.

Mpwa akaona jambo ambalo mimi sikuliona, na hapa namsifu mara moja na ya mwisho. Mtoto hawezi kumnyamazisha mzee. Karata haiwezi. Lakini kama kila anayeendelea kusimulia lazima achomoe kipande, na mnara ukianguka zamu yake imekwisha, basi aliyemnyamazisha mzee ni mkono wake mwenyewe. Hakuna wa kuitwa kwenye kikao cha ukoo.

Tukaenda kwenye mashine ya mbao tukaomba mabaki ya paini. Kukata alikata fundi seremala. Kupiga msasa, nadhani msomaji ameshajua ni nani. Mnara ukasimama, mzuri, unanukia, baba mkwe akakaribishwa. Akachomoa kipande cha kwanza, na ghorofa nzima ikaja nacho, vitatu vimegandamana. Paini mbichi ina utomvu. Mnara wetu haukuwa mnara, lilikuwa gogo lililounganishwa upya. Mzee akasimulia akichomoa na kurudisha, akichomoa na kurudisha, mkaa ukaisha jikoni, tukavaa makoti, na mnara haukutikisika hata kidogo. Tulifika Zambia.

Kijana akavitandaza vipande juu ya jiko vikauke. Vikakauka, vikapinda, vikawa haviketi. Fundi akatucheka: mbao haikaushwi kwa haraka, inapangwa kivulini, inapewa hewa, inapewa muda. Akatupa vya kwake vya zamani vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja. Msasa tena. Safari hii vililegea inavyotakiwa, vingine vyembamba kidogo, vingine vinene kidogo, na huko kutolingana ndiko kunakoufanya mchezo, maana visingetofautiana usingejua kipi kinachomoka.

Baba mkwe alianguka akiwa Mlimba. Yaani mnara. Ulimwagika mezani kwa kishindo, kipande kimoja kikaingia kwenye kikombe cha shangazi, ambaye kiganja chake kilikuwa bado juu ya kadi ya X. Mzee akautazama ule mrundo. Akatutazama sisi mmoja mmoja, na hakupata wa kumlaumu.

"Mbao za siku hizi," akasema. Kisha, kwa upole kabisa: "Haya. Semeni na nyie."

Kijana akainua kalamu. Mke wangu akanitazama. Mimi nikamtazama shangazi. Miaka yote tumekaa tukisubiri huyu mzee anyamaze, kila mtu akijua hakika kwamba analo la kusema, na nafasi ilipopatikana hakuna aliyekuwa na hata sentensi moja. Mwanangu wa darasa la nne alikuwa ameshalala kwenye kiti.

"Basi niendelee," akasema baba mkwe, na mpwa wangu, msaliti, akaanza kuupanga mnara upya.

Sasa anasema mchezo umefikia hatua nzuri na unahitaji wachezaji wapya. Nami nahitaji kupumzika. Kwa hiyo nawaombeni: yeyote aliyeko Njombe, Wanging'ombe au Makambako mwenye jioni ya bure na mbao kavu, aje Ramadhani akajaribiwe badala yangu. Chai ipo, sukari aje nayo. Aje na hadithi yake mwenyewe, iliyokamilika, na iwe tayari mdomoni. Isiwe ya reli.